Nunua ile isiyorudi

Ndugu Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Mkusanyaji afanye nini vitu adimu alivyovitafuta kwa miaka mingi vinapotokea kwa mpigo, na fedha alizonazo zinatosha kimoja tu?" Mimi hukusanya sarafu zilizotumika pwani na bara letu kabla ya shilingi ya Afrika Mashariki kuanza mwaka 1921, kwa hiyo nitajibu kwa sarafu. Nunua ile ambayo ukiiacha leo huenda usiione tena. Mara nyingi haitakuwa ile inayong'aa kuliko zote, na mara nyingi haitakuwa ya bei kubwa kuliko zote.

Kwanza nieleze kwa nini zinatoka kwa mpigo, maana wengi hudhani ni bahati mbaya. Sarafu nzuri hukaa kwa mtu mmoja miaka thelathini, arobaini. Siku mwenyewe anapofariki, watoto hawana habari nazo, na mirathi haigawanywi kwa rupia na heller, zile sarafu za enzi ya Wajerumani, hugawanywa kwa fedha taslimu. Basi sanduku zima linatoka siku moja. Ndivyo ilivyo Tanga, na ndivyo ilivyo duniani kote. Mfalme Farouk wa Misri alipopinduliwa mwaka 1952, serikali mpya iliwaita Sotheby's, kampuni ya minada ya London, wakanadi hazina yake mjini Cairo mwaka 1954. Sarafu zilikuwa maelfu kwa maelfu, zikafungwa mafungu makubwa makubwa, na mafungu mengi yalikwenda kwa bei ambayo leo mkusanyaji akiisoma anashika kichwa. Hakuna mnunuzi pale aliyeweza kubeba kila kitu.

Hilo lina faraja ndani yake. Zinapotoka nyingi kwa pamoja, si wewe peke yako uliyebanwa. Washindani wako nao mifuko yao ina mwisho, nao wanachagua. Bei ya baadhi itashuka kwa sababu tu wenye fedha wamekwenda kupigania nyingine. Anayeingia na hofu kwamba zote zitampita hutawanya fedha zake kwenye vipande vinne vya kawaida, kisha kile alichokihitaji kweli kinapofika mezani hana kitu. Mtaka yote kwa pupa hukosa yote.

Sasa, ipi isiyorudi? Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya bei na uadimu. Chukueni ile sarafu mashuhuri ya Tabora, rupia 15 ya dhahabu yenye tembo. Historia yake inanisisimua kila ninapoisimulia. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imefunga njia za baharini, koloni la Wajerumani halikuweza tena kuletewa fedha kutoka Ulaya, na askari na wapagazi walitakiwa kulipwa. Basi mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kiwanda cha sarafu. Shaba ya maganda ya risasi ikapigwa heller 5 na heller 20, na dhahabu ya mgodi wa Sekenke ikapigwa rupia 15, upande mmoja ndege tai, upande wa pili tembo na milima nyuma yake. Mwezi Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yakaingia Tabora, na kazi ikawa imekwisha.

Ni sarafu ya ajabu, nami siwezi kumlaumu anayeitamani. Lakini za dhahabu zilipigwa zaidi ya 16,000, na kwa kuwa ni dhahabu, watu walizificha badala ya kuzitumia. Mnada mkubwa wa Ujerumani, Uingereza au Marekani haupitishi muda mrefu bila kuwa nayo. Bei yake iko juu kwa sababu inatakiwa na watu wengi: wa sarafu za Kijerumani, wa vita, wa dhahabu, hata wanaopenda tembo tu. Ni ghali, ila haikimbii. Ukiikosa mwaka huu, weka akiba, itakuja tena.

Linganisheni na sarafu za Zanzibar za mwaka 1908, za Sultani Ali bin Hamud: senti 1, senti 10 na senti 20, zenye mti upande mmoja. Zilitolewa mwaka huo mmoja tu. Zanzibar ilikuwa imezoea rupia ya Kihindi na pesa za shaba za Sultani Barghash, zile zenye mizani, na senti hizi mpya hazikukaa mikononi mwa watu. Senti 20, iliyo ya nikeli, haina dhahabu wala fedha ndani yake. Asiyejua ataiona chuma tu. Haina umaarufu wa tembo, na anayeitaka ni mtu kama mimi, ndiyo maana bei yake mara nyingi inafikika. Lakini hebu itafuteni! Unaweza kupitia orodha za minada msimu baada ya msimu usiione.

Jambo hili lilinifika kwenye sanduku la familia moja ya wafanyabiashara wa hapa Tanga. Ndani mlikuwa na rupia nyingi za kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, zile za Kaiza mwenye kofia yenye ndege tai, kadhaa zimetobolewa zivaliwe shingoni. Kulikuwa na heller 20 za Tabora, na rupia 2, ile sarafu kubwa nzito ya fedha iliyopigwa mwaka 1893 na 1894 pekee. Na chini kabisa senti 20 ya Zanzibar. Rupia 2 nilikuwa nikiiota. Nilichukua senti 20. Rupia 2 ilikwenda kwa mkusanyaji mwenzangu wa Mombasa, na sina kinyongo, kwa sababu rupia 2 nimeshaziona tena mnadani, zaidi ya mara moja. Senti 20 nyingine sijaiona.

Uamuzi huo haufanywi siku ya sanduku kufunguliwa. Siku hiyo damu inachemka. Mimi nina daftari lenye majina ya sarafu ninazozikosa, zimepangwa kwa ugumu wa kupatikana, si kwa bei, na mbele ya kila moja nimeandika bei ya juu kabisa nitakayotoa. Simu ikipigwa kwamba kuna sanduku, nalisoma daftari.

Kuhusu fedha zenyewe, nina msimamo ambao vijana wengine hawaupendi: usikope kwa riba kununua sarafu. Sarafu ya kale haizai. Mkopo unazaa kila mwezi, na siku ukibanwa utaiuza haraka kwa bei ya sonara. Badala yake kuna njia za kistaarabu. Toa arbuni, omba muda wa kumalizia. Warithi wengi hukubali wakikuamini, na mwandikiane. Uza nakala zako za ziada, na muhimu zaidi, ziuze kabla ya msimu wa uhitaji, kwa sababu mwuzaji mwenye haraka hana bei. Au unganeni. Louis Eliasberg, mwenye benki wa Baltimore, mwaka 1942 alinunua mkusanyo wote wa familia ya Clapp kwa dola 100,000, akachagua alizozikosa, na mwaka 1947 zile alizokuwa nazo mbili mbili zikapigwa mnada. Sisi hatuna benki, lakini watu watatu wanaoaminiana wanaweza kulinunua sanduku zima, kila mmoja akachukua yake na zilizobaki zikauzwa kurudisha gharama. Warithi nao hufurahi, maana hawabaki na makombo.

Mnada wa nje ni hesabu nyingine. Bei inayogongewa nyundo siyo utakayolipa. Kamisheni ya mnunuzi mara nyingi ni asilimia 20 hadi 25, kisha usafirishaji, bima, na ushuru forodhani. Mwenye milioni moja aache kunyanyua mkono kwenye laki saba. Na sarafu za dhahabu za Tabora zina bandia nyingi, basi mizani ndogo ya sonara ndiyo ununuzi wa kwanza: ya kweli ina uzito wa gramu 7 na kidogo.

Iko pia njia ya kushusha daraja. Rupia iliyotobolewa au iliyochakaa hupatikana kwa sehemu ndogo ya bei ya iliyo safi, nami naipenda kwa sababu imeishi na watu wetu. Tafadhali tu, msizisugue kwa ndimu na majivu. Sarafu iliyosuguliwa imepoteza ngozi yake, na hairudi.

Njia moja ya kumudu siikubali kabisa: kunyamaza mbele ya mjane asiyejua alichonacho. Nimewasikia wakijisifu kwamba walinunua sanduku kwa bei ya shaba chakavu. Mwambieni mwenye mali thamani yake, kisha ombeni punguzo kwa uwazi. Hili lina faida hata kwa mkusanyaji: familia ikitendewa haki, itamtaja kwa familia nyingine.

Na kama ndani ya sanduku mtakuta vile vipande vidogo vyembamba vya shaba vyenye majina ya masultani wa Kilwa, hivyo viacheni nje ya hesabu yote niliyoifanya hapo juu. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na kipande kilichochimbwa kikauzwa bila kuandikwa kilitoka wapi kimeshanyang'anywa nusu ya habari zake. Msivinunue, msivibadilishane. Waambieni wenye sanduku wavipeleke Makumbusho ya Taifa, pamoja na maelezo yote wanayokumbuka ya mahali vilipookotwa.

Msomaji wenu, Tanga