GRE ukiwa Tanga: weka pembeni orodha ya maneno, jifunze kusoma sentensi

Kuanzia mwezi wa 9 hivi meseji zinaanza kuingia, mdogo wangu mmoja yuko Makorora, mwingine Chumbageni, mwingine kapangiwa kazi Pangani huko, na swali ni lile lile: dada nataka kuomba masta Marekani, wameandika GRE, ule mtihani wa lugha, hesabu na insha wanaoudai kabla ya kukupokea, nianzie wapi? Na kabla sijajibu nakuta mtu ameshapakua orodha ya maneno 3,000 kwenye simu na ameanza kukariri kutoka herufi A. Jamani, si huko pa kuanzia.

Nasema hivi kwa sababu mtihani huu nimeupitia nikiwa hapa hapa Ngamiani, mchana nafundisha jioni nasoma, na baadae nimekaa na wenzangu kadhaa wakati wanajiandaa, na ninachokiona kila mara ni kwamba Kiingereza tunakiogopa mahali pasipostahili kuogopwa. Mtu anaogopa kwa sababu haongei kwa kuteleza, hana kile Kiingereza cha puani, anahisi wenzake waliosoma inglishi midiamu ndio wenye mtihani wao. Sasa GRE haina kuongea wala kusikiliza, hakuna mtu atakayesikia lafudhi yako pale. Inachotaka ni usome sentensi ndefu yenye mizunguko na ujue inasema nini, inakataa nini na mwandishi anaelekea wapi. Wa shule ya kata na wa inglishi midiamu wote inabidi wajifunze hilo upya, nimeshuhudia. Mitihani yenye kuongea na kusikiliza ni TOEFL na IELTS, na hiyo chuo kinaweza kukudai pia, matokeo yake yanadumu miaka 2 wakati ya GRE yanadumu 5, kwahiyo hakikisha unajua unatakiwa upi au yote miwili.

Na kabla hujatoa hata shilingi, ingia kwenye ukurasa wa idara yenyewe unayoiomba, sio ukurasa wa mbele wa chuo, idara. Tangu 2020 idara nyingi za Marekani zimeacha kuidai GRE au wameiweka kuwa hiari, na ada yake ni zaidi ya dola 200, hiyo ni hela ya mtu kula miezi. Kama idara zako zote hazitaki basi nguvu hiyo ipeleke kwenye barua ya maelezo binafsi. Kama zinataka, au ni hiari na GPA yako ya chuo haikukaa vizuri, hapo endelea kusoma.

Mtihani ulifupishwa mwezi wa 9 mwaka 2023, kwahiyo ukikuta vitabu vya zamani vinavyosema karibia saa 4 achana na mpangilio wao, maswali yenyewe bado yanafaa. Sasa hivi ni saa 1 na dakika 58. Inaanza insha moja ya dakika 30, halafu sehemu 2 za lugha na 2 za hesabu. Lugha ni maswali 12 kwa dakika 18, kisha 15 kwa dakika 23. Hesabu ni 12 kwa dakika 21, kisha 15 kwa dakika 26. Alama za lugha na hesabu kila moja ni kuanzia 130 mpaka 170, insha ni 0 mpaka 6. Kitu muhimu hapo ni kwamba ugumu wa sehemu ya pili unategemea ulivyofanya ya kwanza, kwahiyo ile ya kwanza ndo ya kutulia nayo sana. Na jibu la kukosea halikatwi alama, usiache swali wazi hata moja.

Haya, Kiingereza chenyewe. Maswali ya lugha yapo ya kujaza nafasi, yapo ya kuchagua maneno mawili kati ya sita yanayofanya sentensi ibaki na maana ile ile, na yapo ya ufahamu, na hayo ya ufahamu ni kama nusu nzima. Kwenye kujaza nafasi watu wanakimbilia kuangalia majibu, wanaona neno ambalo hawalijui wanapanik. Mi ninavyowaelekeza wenzangu ni hivi, funika majibu kwa mkono kabisa, soma sentensi, tafuta kile kinachoigeuza au kuisukuma mbele, kisha weka neno lako mwenyewe, hata la Kiswahili. Chukua mfano huu: Ingawa mwenyekiti alisifika kwa ______, kwenye kikao kile alimwaga maneno mpaka wajumbe wakasinzia. Hakuna Mswahili atakayeshindwa hapo, utasema ukimya, utasema uchache wa maneno, kwa sababu neno ingawa limeshakuambia upande wa kwanza ni kinyume cha upande wa pili. Kiingereza nacho kinaigeuza sentensi kwa although, despite, yet, far from, hardly, na kinaisukuma mbele kwa hence, na hata kwa nukta mbili peke yake. Ukishajua unatafuta neno la ukimya ndio unafunua majibu, na hapo hata kama maneno mawili huyajui unaweza kuyatoa yale matatu unayoyajua kwamba hayahusiani na ukimya. Swali lenye nafasi mbili au tatu ni lazima zote ziwe sahihi ndio upate alama, hivyo anza na nafasi iliyo rahisi, si lazima iwe ya kwanza.

Simaanishi maneno hayasomwi kabisa, yanasomwa, ila machache kila siku, na ndani ya sentensi ulikoyakuta. Na yaangalie sana yale unayodhani unayajua. Sisi tumezoea qualify kuwa ni kufuzu, kwenye vifungu vya GRE mara nyingi ni kuliwekea dai mipaka, kwamba mwandishi kasema jambo halafu akalipunguza makali kidogo. Maneno ya namna hii yamewaangusha watu wengi kuliko yale magumu ya kutisha, maana la kutisha unajua hulijui, hili unapita nalo bila wasiwasi.

Kwenye ufahamu ndiko ninapotaka mtu atumie muda wake mwingi. Tatizo letu tulilotoka nalo sekondari ni kusoma swali halafu kuwinda maneno yanayofanana kwenye habari, ukiyaona unanakili. Necta ya Kiingereza tuliipita hivyo. GRE wanajua mchezo huo, jibu baya linakuwa na maneno yale yale ya kifungu na jibu zuri linasema jambo lile kwa maneno mengine kabisa. Zoezi lililonisaidia kuliko yote ni kusoma aya moja ngumu, nafunga, halafu namweleza mtu kwa Kiswahili mwandishi anadai nini, anampinga nani na kwa ushahidi gani. Jioni nilikuwa nakaa barazani na shoga yangu ambaye hata habari na GRE hana, namweleza habari za sayari, za historia ya wafanyakazi wa viwandani, za nyuki, yeye ananiuliza, sasa huyo mwandishi anakubaliana na wale wa kwanza au la? Nikishindwa kumjibu nilikuwa najua aya sijaielewa, narudi kuisoma. Nakuomba ulijaribu hili, usiogope kwamba unatumia Kiswahili kwenye mtihani wa Kiingereza, hoja ukiweza kuieleza kwa lugha yako umeishika.

Vya kusoma vipo. Maktaba ya mkoa ina utulivu na ina vitabu vya Kiingereza vya sayansi na historia, havina mpangilio wa GRE na ndio vizuri, wewe unataka nathari ndefu. Gazeti la The Citizen soma ukurasa wa maoni, sio michezo. Ukiwa na bando shusha makala ndefu usiku, usome mchana bila intaneti. Kwa maswali yenyewe usinunue rundo la vitabu, ETS ambao ndio waandaaji wanatoa mitihani 2 ya majaribio bure inayoitwa POWERPREP, inafanana na wa kweli kwa sura na muda. Mmoja fanya mwanzoni ujijue uko wapi, wa pili utunze mpaka wiki 2 kabla. Usiifungue hovyo hovyo kwa kuchungulia.

Insha watu wanaisahau mpaka siku ya mwisho na inaniuma, kwa sababu ndiyo sehemu pekee ambayo maswali yake yamewekwa wazi. ETS wameweka mada zote kwenye tovuti yao, itakayokuja kwako itatoka humo. Unapewa dai, kwa mfano kuhusu elimu au teknolojia au uongozi, unatakiwa useme unakubali kwa kiasi gani na ni hali gani dai hilo linasimama na ni hali gani linaanguka. Sasa sisi tunadhani lazima tutaje wanafalsafa wa Ulaya. Kwanini? Mtu wa Tanga ana mifano ya kutosha. Mkonge uliletwa huku mwaka 1893, ukaifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa duniani, halafu nyuzi za plastiki zikaja na bei ikaporomoka, huo ni mfano mzima wa kutegemea zao moja na wa teknolojia inayomnufaisha mmoja na kumuumiza mwingine. Au silikanti, samaki ambaye wanasayansi waliamini ametoweka mamilioni ya miaka mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, na wavuvi wetu wamemnasa mara nyingi kuanzia 2003, mpaka ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake mwaka 2009. Ukipewa dai kwamba maarifa ya kweli yako kwa wataalamu peke yao, huyo samaki anakutosha kuandika kurasa. Mfano unaoufahamu kwa undani unakupa sentensi zilizonyooka, mfano wa kuazima unakufanya ubabaishe.

Ila andika kwa kibodi ya kompyuta. Vijana wengi ninaowaona wanatype haraka sana kwa vidole gumba kwenye simu, ukimpa laptopu anatafuta herufi moja moja, na dakika 30 zinaisha yuko aya ya pili. Programu ya mtihani haisahihishi spelingi wala sarufi, hakuna mstari mwekundu, kwahiyo zoea kuandika sehemu isiyokusahihisha. Kila wiki andika insha moja huku unajipimia dakika 30, na umpe mwalimu wa Kiingereza unayemheshimu akusomee, sio aipambe, akwambie hoja imekatika wapi.

Hesabu nitapita haraka. Ni za kidato cha 1 mpaka cha 4, na kikokotoo kipo kwenye skrini. Tumezisoma kwa Kiingereza tangu fomu wani kwahiyo istilahi zipo kichwani, zimelala tu. Tovuti ya Khan Academy ni bure, rudia asilimia, uwiano, jiometri na takwimu, usolvu maswali mengi, na usome mara 2 swali linataka nini maana wanapenda kukupa kila kitu halafu wakauliza kitu kingine kidogo.

Sasa utafanyia wapi. Kuna kufanyia nyumbani na kuna kwenda kituoni. Nyumbani lazima uwe peke yako chumbani, mlango umefungwa, kompyuta yenye kamera, hakuna simu wala tableti, hakuna hedifoni, na huruhusiwi karatasi ya kawaida, unatumia ubao mdogo mweupe wa kufutika au karatasi uliyoivalisha plastiki angavu. Nyumba zetu za Ngamiani na Makorora unazijua, mtoto anafungua mlango, jirani kafungulia spika, umeme nao unakatika muda wowote. Nafasi za nyumbani zipo usiku na mchana, kwahiyo kama una chumba cha kuaminika unaweza kuchagua alfajiri mtaa umelala. Kama huna, mi nakushauri Dar. Ingia akaunti yako ya ETS uone kituo na tarehe zilizopo, panda basi stendi ya Kange siku moja kabla, ulale kwa shangazi au kwa rafiki, usijaribu kuondoka Tanga usiku ule ule ukafanye mtihani asubuhi umechoka. Ukiwa Dar unaweza pia kuonana na washauri wa EducationUSA, wanaosaidia watu wanaotaka kusoma Marekani, ushauri wao ni bure.

Jina la kujisajilia liwe kama lilivyo kwenye pasipoti herufi kwa herufi. Sisi wenye majina matatu yenye tahajia tofauti kila cheti, hili limewafanya watu warudishwe mlangoni na ada imekwenda. Pasipoti ianze kushughulikiwa mapema. Na hesabu muda kwa kurudi nyuma, maombi mengi ya Marekani yanafungwa mwezi wa 12 na wa 1, matokeo rasmi yanachukua kama siku 8 mpaka 10, na ukitaka kurudia lazima zipite siku 21. Ndio maana wanaoniandikia mwezi wa 9 nawaonea huruma, laiti wangeanza mwezi wa 4 au wa 5 wangesoma bila presha.

Ukimaliza swali la mwisho kompyuta itakuuliza uripoti alama au uzifute, na itauliza kabla hujaziona. Usifute kwa uoga, karibu kila mtu anatoka akihisi kaharibu, na mfumo unakuruhusu kuchagua matokeo gani chuo kione, yakiwa mabaya hutayatuma. Ukiripoti utaona pale pale alama za lugha na hesabu, kisha unachagua vyuo 4 vya kutumiwa bure. Majina ya hivyo vyuo pamoja na idara zake uwe umeshayaweka kichwani kabla ya kuingia, kwa sababu ukitoka bila kuvijaza kila ripoti utaituma kwa kulipia.