Kubadilisha rangi hakuondoi haki ya mpiga picha

Ndugu yangu, umeuliza kama unaweza kuuza mchoro wa jahazi la Mikindani uliounakili kutoka kwenye picha iliyochapishwa mtandaoni, kwa kuwa umebadilisha rangi. Kwa maoni yangu, bila ruhusa ya mpiga picha huwezi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kudhibiti kunakiliwa na kugeuzwa kwa kazi yake, na haki hiyo huanza pale kazi inapoundwa, hata kama hajaisajili popote. Jahazi lenyewe kila mtu anaweza kulichora. Lakini wewe umechukua pembe ileile, mwanga uleule wa jioni, na hata kiraka cha tanga umekiweka palepale.

Hoja ya kwamba "nimeigeuza" imewashinda wakubwa. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji 7 dhidi ya 2, iliikataa iliposikiliza shauri la taasisi ya marehemu Andy Warhol, mchoraji maarufu wa Marekani, iliyolipwa na jarida kwa mchoro wa mwanamuziki Prince uliotokana na picha iliyopigwa na Lynn Goldsmith mwaka 1981. (Sheria yao si yetu, lakini ubishi ni uleule.)

Mwandikie mwenye picha, umweleze utauza nakala ngapi na kwa bei gani. Akikataa, panda bajaji hapo Mtwara mjini uende Mikindani maji yakijaa, ukapige picha yako mwenyewe.