Jibu: "gente" ya Kihispania na "a gente" ya Brazili

Ndugu, umeuliza kwa nini "la gente son" ("watu ni", kitenzi kikiwa cha wingi) ni kosa, na kwa nini Wabrazili husema "a gente" wakimaanisha "sisi".

Kwa Kihispania, gente, yaani "watu", ni nomino ya kike ya umoja. Sisi tumezoea "watu wamechoka", kwa hiyo wingi unatuponyoka mdomoni. Sema la gente está cansada. Ukihesabu, iache kabisa, tumia personas: cinco personas, watu watano. Na ukisikia "Juan es muy buena gente", anasifiwa Juan peke yake, kwamba ni mtu mwema. Wingi, gentes, huukuti sana nje ya maandishi.

Kireno cha Brazili ndicho kinachohitaji uangalifu. A gente vai ni sawa na nós vamos, yaani "tunaenda". Kitenzi kinabaki nafsi ya tatu umoja. "A gente vamos" utaisikia mitaani, ila kwenye mtihani utakatwa alama. Kivumishi kwa kawaida hufuata wasemaji: wanawake watupu husema a gente está cansada, wanaume au mchanganyiko cansado. Kumiliki ni nosso: a gente vendeu o nosso carro, tuliuza gari letu. Ukiweka seu, msikilizaji atadhani gari ni lake au la mtu mwingine. "Pamoja nasi" ni com a gente.

Tenganisha maneno unapoandika, maana agente ni wakala. Katika barua rasmi rudi kwenye nós.