Maswali ya Wasomaji: Gadi mfungaji wa chuo na mlango wa NBA

SWALI: Wahariri, salaam. Kijiweni kwetu ubishi hauishi. Mwenzangu anasema Jimmer Fredette, gadi (mchezaji wa nje anayeendesha mpira) wa timu ya kikapu ya chuo cha BYU, alinyimwa nafasi tu. Mimi nasema hakuwa na kiwango cha NBA, ligi ya kulipwa ya kikapu ya Marekani. Msimu wa 2010-11 aliongoza vyuo vyote vya Marekani kwa wastani wa pointi 28.9. Stephen Curry naye aliongoza akiwa chuo cha Davidson, 2008-09, kwa pointi 28.6. Sasa tofauti iko wapi? – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Kila mmoja wenu ana kipande cha haki, lakini huo wastani ndio hoja dhaifu kuliko zote mnazoshindania.

Mkono wa Fredette haukuwa wa kubahatisha. Msimu ule alipata 39.6% ya mitupo ya pointi tatu na 89.4% ya mitupo huru, na Machi 2011 aliifunga New Mexico pointi 52. Alitupa kutoka mbali, akitokea kwenye dribo, mlinzi akiwa usoni. Swali ambalo timu za NBA zilipaswa kujiuliza ni hili: akinyang'anywa mpira, anabaki na kazi gani?

Curry alikuwa na jibu tangu chuoni. Miaka yake miwili ya kwanza Davidson, mashambulizi yaliongozwa na Jason Richards, ambaye msimu wa 2007-08 aliongoza nchi nzima kwa asisti, yaani pasi zinazozaa kikapu. Curry alikimbia huku na huku akipita nyuma ya skrini (mwenzake anayesimama kumzuia mlinzi), akapokea, akatupa. Richards alipomaliza chuo, Curry akaushika usukani mwenyewe: asisti 5.6 na mipira ya kuiba 2.5 kwa mechi. Alifika Golden State, timu yake ya NBA, na fani mbili mkononi. Fredette alizoea mfumo wa kuachiwa mpira na wenzake wampishe, na mchezaji mgeni hapewi mfumo huo NBA. Katika drafti ya 2011, yaani zamu ya timu za NBA kuchagua wachezaji wapya, Milwaukee walimchagua wa 10 wakampeleka Sacramento, ambako tayari Tyreke Evans, Marcus Thornton na DeMarcus Cousins waliutaka mpira huohuo.

Kuna jambo mashabiki wa Fredette hulisahau. Drafti hiyohiyo Sacramento walimchukua Isaiah Thomas, wa 60, yaani wa mwisho kabisa, mwenye kimo cha mita 1.75 hivi. Huyo ndiye aliyezichukua dakika. Thomas aliweza kumwacha mlinzi wa kwanza bila msaada wa skrini na kufika chini ya ringi. Fredette alihitaji skrini, na walinzi wa NBA wanaikwepa skrini haraka au wanabadilishana watu. Msimu wake wa kwanza uliishia pointi 7.6 kwa mechi, na mitupo iliyoingia ni 38.6%. Dalili ilishaonekana Machi 2011 dhidi ya Florida: pointi 32, ndiyo, lakini mitupo 11 kati ya 29, na ya pointi tatu 3 kati ya 15. Ukimwekea gadi mwenye miguu na urefu, kila kikapu kinakuwa ghali.

Ulinzi ndio uliommaliza. Mpinzani wa NBA anakutafuta wewe uliye dhaifu. Anamwita yule unayemlinda aje kuweka skrini, mnabadilishana, unajikuta peke yako mbele ya mfungaji wao bora. Wakirudia hivyo mara sita au saba katika robo moja, kocha hana budi kukutoa, hata kama umefunga mara tatu mfululizo.

Pale mwenzako alipo sahihi: Sacramento ilibadilisha makocha wakati wake, na mtupo haukumpotea, kwani alimaliza NBA na 37.2% ya pointi tatu. J.J. Redick wa Duke, aliyechaguliwa wa 11 mwaka 2006, naye alikaa sana benchi mwanzoni. Akajifunza kukimbia bila mpira na kulinda kwa nafasi sahihi, akadumu misimu 15. Fredette alistahili uvumilivu wa namna hiyo. Mwaka 2017 alifunga pointi 73 katika mechi moja akiwa na Shanghai Sharks ya China, na mwaka 2024 alikuwemo kwenye timu ya Marekani ya watatu kwa watatu katika Olimpiki ya Paris. Kipaji kilikuwepo. Tunasimama nawe kuhusu NBA, na kwa sababu ya ulinzi hasa.

SWALI: Ni kweli Hasheem Thabeet wetu alichaguliwa kabla ya Curry? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Ni kweli. Drafti ya 2009: Thabeet wa pili kwenda Memphis, Curry wa saba. Hata magadi wengine wawili, Ricky Rubio na Jonny Flynn, walichukuliwa na Minnesota kabla yake.

SWALI: Nafundisha timu ya sekondari na ninafuatilia mechi za vyuo mtandaoni. Nitamjuaje gadi mfungaji atakayefaa kulipwa? – Mwalimu, Kisumu

JIBU: Mwalimu, chukua mechi tano au sita, na angalau mbili ziwe dhidi ya timu ngumu. Gawa karatasi safu mbili: mitupo ya kupokea na kutupa papo hapo, na mitupo baada ya dribo. Anayefanya vizuri safu ya pili tu atapata shida siku akiwa si nyota wa timu. Angalia pia asilimia ya mitupo huru. Mara nyingi inatabiri mtupo wa mbali vizuri kuliko pointi tatu za msimu mmoja, maana haina mlinzi.

Kisha asisti dhidi ya mipira anayopoteza. Mbili kwa moja ni kipimo kizuri kwa kiongozi wa mashambulizi. Trae Young, Oklahoma 2017-18, aliongoza nchi kwa pointi 27.4 na asisti 8.7 pamoja, lakini alipoteza mipira 5.2. Bado alichaguliwa wa tano, kwa sababu pasi zake zilionyesha anaona uwanja mzima.

Kumbuka vipimo vya uwanja. Mstari wa vyuo kwa wanaume ulikuwa mita 6.32 enzi za Fredette. Tangu 2019-20 ni 6.75 kwa timu za daraja la kwanza. Wa NBA ni 7.24, isipokuwa pembeni, 6.71. Saa ya mashambulizi chuoni ni sekunde 30, NBA 24. Anayedribo sekunde kumi kabla ya kuamua hatakuwa na muda huo.

SWALI: Kaka yangu ana mita 1.80 na anafunga sana. Wafupi wana nafasi? – Msomaji, Bujumbura

JIBU: Wanayo, ila asiitazame NBA peke yake. Markus Howard wa Marquette, mwenye kimo kama hicho, aliongoza vyuo 2019-20 kwa pointi 27.8 na hakuchaguliwa kwenye drafti. Alipita Denver, kisha akapata nafasi kubwa Baskonia, Hispania. Mstari wa pointi tatu Ulaya ni 6.75, sawa na ule wa msimu wake wa mwisho chuoni. Kinachobadilika ni chini ya ringi: sheria ya NBA ya sekunde tatu kwa mlinzi haipo huko, hivyo mrefu anaweza kusimama palepale akimsubiri. Kaka yako afanyie kazi mtupo wa juu unaomvuka mrefu huyo, kwa mikono yote miwili, na kusimama ghafla kwa miguu miwili mita tatu kutoka ringi.