Maswali ya Wasomaji: Vigae Shambani, Miembe Porini na Majina ya Vitongoji Vyetu

Mwezi huu barua za mambo ya kale zimekuja nyingi kuliko za mahusiano na za mbolea, nikafurahi sana. Nimechagua nne. Majina ya vitongoji nimeyaondoa kwenye barua zote makusudi kabisa, sababu mtaiona kwenye barua ya mwisho.

*Shikamoo kaka. Naishi kitongoji kimoja wilaya ya Uvinza, si mbali na mto Ruchugi. Tukilima shamba la mihogo vinatoka vigae vya vyungu, tena si kimoja wala viwili, jembe linagonga tu, na chini udongo ni mweusi kama jivu. Watu wanasema ni Wajerumani wa chumvi ndo waliacha. Jambo la pili, jina la kitongoji chetu mwalimu anawaambia watoto limetoka kwenye neno la Kiswahili, wazee wanabisha ila hawasemi limetoka wapi. Ukweli ni upi? Mama wa Uvinza*

Marahaba mdogo wangu. Nianze na vigae manake hivyo vimenikosesha usingizi. Wajerumani wapo kweli kwenye habari ya chumvi ya Uvinza, walikuja mwanzoni mwa karne ya 20 wakajenga kiwanda chao hapo kwenye chemchemi, na sehemu yenyewe wakaibandika jina la kwao, Gottorp, jina ambalo leo ukilitaja stendi ya Uvinza hakuna atakayekuonyesha njia. Lakini Mjerumani alikuta kazi inaendelea, na ilikuwa inaendelea zamani mno. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wataalamu wawili wa mambo ya kale, J.E.G. Sutton na Andrew Roberts, walichimba kwenye chemchemi za Pwaga na Nyamsunga huko huko kwenu, wakakuta chini kabisa vigae vya watu wa mwanzo wa zama za chuma, umri wake kama karne ya 5 au ya 6 baada ya Kristo. Fikiria hiyo, yani kabla hata Uislamu haujaanza kuna watu walikuwa wanakaa Uvinza wanachemsha maji ya chumvi. Na juu yake matabaka ya mashimo ya kuchemshia, majivu na vigae, kizazi juu ya kizazi.

Sasa kwa nini vigae viwe vingi hivo? Kazi yenyewe ndo ilivyo. Maji ya chemchemi yana chumvi lakini ni maji, inabidi uyachemshe kwenye chungu mpaka yakauke, unaongeza mengine, unachemsha tena, kuni zinaisha na chungu nacho kinaliwa na moto na chumvi mpaka kinapasuka, unakitupa pembeni unachukua kingine. Kazi ilikuwa ya kiangazi, mana mvua zikija mto unafurika na chemchemi zinazama. Kiangazi watu walikuwa wanakuja kutoka Buha, kutoka Unyamwezi, wanapiga kambi, wanachemsha, wanamlipa mtawala wa Kivinza sehemu yake alafu wanarudi na mizigo ya chumvi kwao, nyingine inafika Ujiji na kuvuka ziwa. Watawala wa Uvinza walijua thamani ya nchi yao, chumvi walitoza na kivuko cha Malagarasi walitoza, Stanley, yule mzungu aliyekuja kumtafuta Livingstone, alipopita 1871 alilalamika sana kuhusu hongo, yani ushuru wa kupita, alizodaiwa huko njiani.

Kwahiyo udongo mweusi na vigae vingi karibu na Ruchugi, mimi moyo wangu unaniambia shamba lako lina ndugu na hizo chemchemi. Chukua kigae kimoja kikubwa, kisafishe kwa maji bila kukikwangua, ukiangalie kwenye mwanga wa jua la asubuhi unaokuja kwa pembeni. Kwenye ukanda wetu huu wa maziwa makuu, vyungu vya zamani sana mara nyingi vina mdomo mnene uliosawazishwa kama umekatwa kwa kisu, na shingoni mistari iliyochorwa kwa mkono, sambamba, imekwenda chini kidogo. Vya baadae vina alama ndogo ndogo zilizojipanga kama za mkeka, hizo ni za kamba iliyosokotwa ikabingirishwa kwenye udongo mbichi. Ukishaona hivo piga picha kigae kikiwa pale pale kilipotoka, weka sarafu pembeni ionyeshe ukubwa, alafu kirudishe. Kigae kilichopo mahali pake kina habari nzima, kikishawekwa dirishani kwa mjumbe kinakuwa kigae tu.

Tuje kwenye jina. Mwalimu simlaumu, watoto wamemuuliza na yeye katafuta cha kujibu. Ila majina ya huku kwetu mengi hayafunguki kwa Kiswahili, yanafunguka kwa Kiha, Kivinza, Kinyamwezi, Kitongwe. Angalia Kibondo kuna Kumsenga, Kumuhasha, Kumwambu, hiyo *ku* ya mwanzo ni kama kwenye au kwa. Angalia Nyakitonto, Nyamidaho, na hiyo Nyamsunga yenu, *nya* inabeba maana ya mwenye kitu au penye kitu, iwe mti, iwe mnyama, iwe mtu. Mtu akija na hadithi kwamba jina limetokana na mzungu kuuliza njia akajibiwa hivi na vile, mwache amalize, mpe maji anywe, alafu nenda kwa bibi anayezungumza lugha ya pale.

Na kuna jambo kubwa zaidi ambalo naliona watu wengi wanaliruka. Majina ya vijiji vyetu yamehama. Mkoa wa Kigoma ulikuwa kati ya mikoa ya mwanzo kwenye kuhamishia watu vijijini kwa nguvu, 1972, kabla nchi nzima haijafuata, watu wakatolewa kwenye miji yao iliyotawanyika wakawekwa barabarani. Na kabla ya hapo, miaka ya 1920 na 1930, Mwingereza alishahamisha maelfu kwa ajili ya malale, Tabora na Kigoma kote, ili watu wakae pamoja wafyeke pori mbung'o wakose pa kukaa. Watu wakihama wanabeba mbegu, wanabeba mawe ya kusagia wakiweza, na jina wanabeba. Kwahiyo inawezekana kabisa kitongoji chako kina jina la mahali ambapo sasa ni pori, na hapo mlipo palikuwa na jina jingine ambalo wenye nalo walishaondoka. Wazee wakibisha alafu wakanyamaza, mara nyingi ni hivo, wanajua hilo si jina la hapo ila hawataki kugusa habari za nani alikuwa mwenye ardhi, mana kesi za mashamba zipo.

Ushauri wangu, usianze kuuliza jina la kitongoji. Anza na mto, anza na kilima. Hivyo havihami. Ukijua vijito vyote vinaitwaje na nani alikuwa mteko wa pale, yani yule mzee wa kuitambikia ardhi, jina la kitongoji litakuja lenyewe katikati ya mazungumzo. Na uliza wanawake wazee, wao waliolewa wakitokea kwingine, wanakumbuka walipita wapi na walivuka mto gani siku ya kuletwa. Warekodi kwenye simu wakiwa shambani, si sebuleni, ukiwa shambani mtu ananyosha mkono anasema tongo la fulani, yani mahame yake, lile pale penye mkuyu.

*Mwangaluka baba! Mimi ni kijana, narina asali na kulima tumbaku, Urambo. Porini ndani kabisa ambako hakuna mtu tumekuta minyaa imejipanga duara kubwa, ndani yake kuna mawe yaliyolika katikati, na mbele kidogo miembe mitatu mikubwa kwa mstari. Babu anasema tusilale hapo. Palikuwa na nini? Mrina asali*

Mwangaluka mwanangu. Hapo palikuwa na kijiji. Karne ya 19 vijiji vya Unyamwezi vilikuwa vinazungushiwa ua wa minyaa, unakua haraka, utomvu wake ukiingia machoni ni balaa na mshale haupenyi kirahisi, na zile zilikuwa nyakati za vita, mtemi Mirambo huku na Waarabu wa Unyanyembe, upande wa Tabora, kule. Mawe yaliyolika katikati ni ya kusagia uwele na mtama, ukiweka kiganja utasikia ulaini wake, hayo ni magoti ya kina bibi zetu miaka na miaka. Nyumba za udongo zimeyeyuka zamani ila mnyaa unaendelea kuchipua wenyewe.

Miembe ni habari nyingine. Mwembe si mti wa pori letu, umekuja na watu wa pwani na wapagazi wa misafara, na Wanyamwezi ndo walikuwa wapagazi wakubwa wa njia ya Bagamoyo mpaka Ujiji. Mstari wa miembe mara nyingi ni njia au kituo. Mtafute mingine mbele yake kwa kufuata uelekeo, nitafurahi ukiniandikia mmekuta nini.

Kwanini kijiji kikaachwa, sababu zipo nyingi. Wanyamwezi walikuwa wanahama ardhi ikichoka, na mtemi mpya alikuwa anajenga ikulu yake mpya badala ya kukaa kwenye ya marehemu, ndo mana maikulu ya zamani yametapakaa. Alafu ikaja malale. Nchi yako yenyewe inaitwa Urambo kwa sababu ya Mirambo, aliyefariki Disemba 1884, makao yake yalikuwa Iselamagazi, nenda ukapaone. Hata mji wa Tabora umebadilika jina hivo hivo, wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Novemba 1857 waliandika wamefika Kazeh, leo Kazeh haipo kwenye mdomo wa mtu, imebaki Tabora ambayo wazee wanasema ni kutokana na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakatwa vikaanikwa, chakula cha safari hicho, na mimi naliamini hilo manake mji wenyewe ulikuwa wa wasafiri.

Babu msikilizeni. Kijiji kina makaburi, na makaburi hayana alama.

*Mwakeye! Ule mwembe wa Ujiji ndo wenyewe wa Livingstone na Stanley? Mwanafunzi, Kasulu*

Mwakeye mwanangu. Wenyewe, ule unaosemwa walikutana chini yake 1871, ulishakufa, iliyopo inasemwa ni mitoto yake. Ila nenda, na ukiwa Kasulu hapo hapo usisahau Heru Juu, kwa Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyetawala Heru enzi za Mwingereza, wanafunzi wengi wanamjua Livingstone na hawamjui huyo, inaniuma.

*Kaka habari za kazi. Kwetu Sikonge wamekuja watu na gari na mashine inayolia ya kutafutia madini, wanasema Mjerumani alifukia rupia za dhahabu kwenye kilima chetu cha matambiko, wanatoa laki mbili kwa mzee atakayeonyesha. Vijana wanachimba usiku. Serikali ya kitongoji imenyamaza. Tufanyeje? Msomaji, Sikonge*

Ndugu yangu, hii ndo sababu nimeficha majina ya wote hapo juu.

Dhahabu ya Mjerumani ilikuwepo, tuseme ukweli. Mwaka 1916 wakiwa wamezingirwa na vita walitengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15 kwenye karakana ya reli hapo Tabora, zina picha ya tembo mbele ya mlima, na mwezi Septemba mwaka ule ule Wabelgiji wakauchukua mji. Kuanzia hapo hadithi haijaisha. Lakini dhahabu ilitengenezwa ili itumike, askari na wafanyabiashara walilipwa nayo ikatawanyika. Kufukiwa kwenye kilima cha matambiko cha Sikonge, nani aliyeona? Na hao wanaokuja na rupia eti inavuta punje za mchele wanataka hela yenu ya kuingilia dili, hakuna kingine, watu wameuza ng'ombe kwa ajili ya hiyo.

Kinachoniumiza ni kilima. Wakichimba wanakuta mavi ya chuma, yani mabaki ya kuyeyushia, na mirija ya udongo ya mivukuto, wanaona takataka wanatupa, kumbe ndo ushahidi kwamba babu zenu walikuwa wanayeyusha chuma hapo na kufua majembe yaliyotolewa mahari nchi nzima ya Unyamwezi. Shimo la usiku mmoja linachanganya tabaka za miaka na miaka, na hakuna mtaalamu atakayezipanga tena.

Sheria ipo toka 1964, Sheria ya Mambo ya Kale, na ikafanyiwa marekebisho 1979. Kitu chochote kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 kinalindwa, na kuchimba kukitafuta bila kibali ni kosa hata kama shamba ni la kwako, na ukikiokota kwa bahati unatakiwa utoe taarifa. Kama mwenyekiti wa kitongoji kanyamaza mruke, nenda kwa mtendaji wa kijiji na barua, mbakize nakala yenye muhuri wa kupokelewa, na nyingine ipelekeni kwa ofisa utamaduni wa halmashauri muombe aipeleke Idara ya Mambo ya Kale. Andikeni namba ya gari, tarehe, na piga picha mashimo mchana. Nendeni watu wengi, wazee wa matambiko wakiwa mbele, mtu mmoja mmoja ataonekana ana wivu wa dili. Na mashimo yaliyokwisha chimbwa msiyafukie mpaka ofisa ayaone.