Uliza Ujibiwe: Vifuu vya Kisauni

SWALI: Salaam, mhariri. Sisi ni kina mama watano, twapika mafuta ya nazi. Kuni za mikoko hatuzitaki tena, na vifuu vimejaa uani. Tumejaribu kuvifanya makaa ya kufinyanga, lakini yabomoka mkononi, na yanayosalimika yafuka moshi. Twakosea wapi? — Bi. M., Kisauni

JIBU: Bi. M., kifuu kikigeuzwa makaa, zaidi ya nusu ya joto lake hupotea njiani. Basi vile vya kupikia tui lenu msivigeuze. Vikausheni, mvivunje, mvichome vivyo hivyo katika jiko la udongo lenye mlango mdogo na dohani, sufuria ikiwa imezama ndani. Makaa yawe ya vifuu vya ziada, ya kuuza.

Moshi watokana na vifuu visivyoiva vikawa makaa kamili. Tobolea pipa la lita 200 matundu chini, washa moto mdogo, kisha ongeza vifuu vikavu kidogo kidogo hadi lijae. Moshi mweupe mzito ni unyevu unaotoka. Ukishakuwa mwembamba wa samawati, funika na uzibe kila tundu kwa udongo. Msifungue kabla ya muda wa saa 12 kupita: makaa ya moto yakipata hewa huwaka upya, mkabaki na majivu. Kilo 100 za vifuu hutoa kilo 25 hadi 30. Vipande vya kahawia virudisheni katika pipa linalofuata. Makumbi msiyatie humo. Huteketea kabla kifuu hakijaiva, na usumba wake una kazi ya kamba.

Kubomoka aghalabu ni chenga kubwa au uji mbichi, ule wa kushikisha vumbi la makaa. Twangeni makaa, mchekeche kwa wavu wa milimita 3. Kwa kilo 100 za vumbi, chukueni kilo 5 za unga wa muhogo, mkoroge kwa maji baridi, kisha mmimine katika maji yanayochemka, jumla lita 40. Koroga mpaka uji ung'ae na kuvutika. Unga usioiva haushiki. Tieni uji kidogo kidogo. Donge likifumbatwa lishikamane bila kuchuruza maji. Muhogo ukizidi, kuvu huota na moshi hurudi.

Mkishafinyanga, anikeni juu ya wavu ulioinuliwa, siku 3 hadi 5 za jua. Wakati wa masika, chini ya mabati penye upepo. Vunjeni moja: likiwa na unyevu katikati, bado.

Wanunuzi waambiwe wasiyawashe katika chumba kilichofungwa. Kaboni monoksidi, gesi itokayo kwa makaa yanayowaka, haina harufu, na inaua.

SWALI: Maji ya kisima cha chumvi yafaa kwa matofali ya saruji? — Fundi, Likoni

JIBU: Tofali lisilo na chuma litasimama, ila ukuta utatoa madoa meupe na kuvuta unyevu. Kwa linta na nguzo, kamwe: chumvi hula nondo, kutu huvimba, zege hupasuka. Maji matamu yaokoe baada ya kufyatua: badala ya kumwagia matofali yakiwa wazi juani, yafunike kwa magunia yaliyolowa na nailoni juu yake, siku 7.