Mstari wa kati ulionitoa machozi na kunitoa kwenye mkonge

Juzi nimepata ujumbe kutoka kwa kijana wa Bagamoyo. "Shikamoo kaka. Nina vishikwambi vitano vya kuandikia samaki wanaoshushwa pwani. Kila jioni nahamishia mafaili kwenye kompyuta kwa mkono, moja moja, mpaka nasinzia. Nataka programu ifanye kazi hiyo. Nianzie wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Nilitaka nikujibu kwa mistari mitatu nikalale. Nimeshindwa, maana umenitonesha.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa kibarua wa kompyuta kwenye shamba moja la mkonge nje ya Tanga, njia ya Muheza. Jina la shamba tuliache. Makarani walikuwa wanahesabu mizigo huko huko kwenye mistari, mzigo majani 30, wanaingiza jina la mkataji na hesabu yake kwenye kishikwambi, wanapiga na picha ya rundo. Jioni kishikwambi kinaletwa ofisini, mimi nachomeka waya na kuburuta mafaili. Hesabu hiyo ndiyo mshahara wa watu.

Kuburuta kulinichosha ndani ya wiki moja. Nikaandika amri ya kunakili kwa robocopy, kama ninavyofanya na flashi. Ikagoma. Nilipoteza jioni mbili nzima natafuta herufi ya diski ambayo haipo, kwa sababu kifaa cha Android kikichomekwa kwenye Windows hakijitokezi kama diski. Kinazungumza kwa utaratibu uitwao MTP: utakiona, utakifungua, lakini amri zako za kawaida hazina pa kukishika. Hili wewe umeshalijua sasa, umeokoa jioni mbili.

Dawa ni adb, programu ya kwenye kompyuta inayokutumia amri moja kwa moja ndani ya kifaa cha Android. Gonga nambari ya muundo mara 7 kwenye mipangilio, chaguo za wasanidi zifunguke, washa utatuzi wa USB, kisha ukubali ombi linalotokea kwenye kioo. Kioo kikiwa kimefungwa na hujakubali, kompyuta itakuambia haijaruhusiwa, nawe utalaumu waya bure. (Ingawa waya nao walaumiwe: nyingi za mitaani ni za kuchaji tu, ndani hazina nyuzi za data.)

Programu yangu ilikuwa na mistari mitatu. Wa kwanza, adb pull, kuvuta folda nzima. Wa tatu, adb shell rm -r, kufuta folda kule kwenye kifaa ili kesho waanze upya. Wa kati ndio nilioringia: adb wait-for-device. Nilikuwa nimeona waya ukicheza mawasiliano yanakatika, na ule mstari wa kufuta unatoa kosa. Basi nikauambia usubiri mpaka kifaa kirudi. Ofisi nzima ilikuja kutazama. Mhasibu akaniita "profesa", na mimi, Mungu anisamehe, nikaitika.

Wiki moja umeme ulisumbua, siku tatu hatukuhamisha kitu. Siku ya nne nikachomeka, nikaenda kuagiza chai. Nyuma yangu mtu akasogeza meza. Waya ukachomoka kidogo, ukarudi. Picha zilikuwa zimefika nusu, mafaili ya hesabu bado hata moja. Kuvuta kukakatika kwa kosa, kosa ambalo programu yangu haikuuliza habari zake. Mstari wa kati ukasubiri kwa adabu zote, kifaa kikarudi, mstari wa tatu ukafuta kila kitu.

Ningeandika ovyo zaidi, bila ule mstari wa kati, mafaili yangepona. Hilo linaniuma mpaka leo.

Fundi mmoja wa Ngamiani alijaribu kurudisha. Akapata vivuli vya picha, vidogo kama stempu. Karani mmoja, mama mtu mzima, alikuwa na daftari lake la siku mbili, kwa sababu hakuwahi kuniamini. Siku ya tatu ililipwa kwa makisio. Wakataji walipanga foleni dirishani, kila mmoja na hesabu yake kichwani, na wengi wao nadhani walisema kweli. Mwisho wa mwezi nikaambiwa kazi imekwisha. Tanga wanasema waja leo waondoka leo; mimi mwenyeji nikaondolewa.

Sasa nisikilize, kijana. Kunakili na kufuta visikae kwenye pumzi moja. Baada ya adb pull uliza jibu: kama limerudi kosa, programu isimame hapo hapo. Vuta kwenye folda mpya yenye tarehe ya siku, na tumia -a ili tarehe za mafaili zisibadilike. Kisha linganisha. Kule kwenye kifaa kuna sha256sum, huku kwenye Windows kuna certutil -hashfile (mwishoni andika SHA256, la sivyo itatumia kipimo kingine); zote mbili hutoa alama ya faili, kama alama ya kidole. Alama za faili moja zikitofautiana hata herufi moja, hujanakili, umejidanganya. Na hata zikilingana usifute. Hamishia kwa mv kwenye folda nyingine humo humo kwenye kishikwambi, ufute baada ya wiki. Nafasi ipo! Vijana mnapenda kufuta kana kwamba mnalipwa kwa kufuta. Usifute. Vifaa vikiwa vitano, mpe adb nambari ya kila kimoja kwa -s, la sivyo itagoma kwa kuona vingi. Vyenye Android 11 na kuendelea vinakubali pia bila waya, kwa Wi-Fi, ila usifute.

Programu ninayotumia sasa ina mistari zaidi ya themanini, na mingi ni ya kuuliza "una hakika?" Mwezi uliopita ilihamisha kazi ya miezi miwili ya mteja bila faili hata moja kupungua. Nilitamani yule mhasibu aione.

Yule mama karani bado nakutana naye sokoni. Namwamkia, ananiitikia vizuri, ananiulizia watoto. Halafu anauliza, "Ile siku ya tatu umeipata?"